Jina la Mke Mwenza

Nilizaliwa Pasua, mjini Moshi, kwenye chumba kimoja cha kupanga, na jina langu la Kichagga lilishuka kutoka mlimani siku chache baadaye. Aliyelileta ni bibi mzaa baba. Alikuja kutoka Masama na mkungu wa ndizi, akanipakata, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso kama ilivyo desturi ya kwao, akalitamka. Mama akauliza maana yake.

"Maana yake ni aliyengojewa," bibi alisema.

Mama alifurahi mpaka akalia. Yeye si Mchagga. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mmanyema, mama yake Mpare, na nyumba yao yote ni Waislamu. Alibatizwa ili aolewe na baba yangu, na tangu siku ya harusi bibi alikuwa akimwita chasaka, neno ambalo Wachagga humwita yeyote asiye wa mlimani. Sasa mwanamke huyohuyo alikuwa amempakata binti yake na kumwita aliyengojewa. Mama alidhani yameisha.

Jambo moja tu lilimtatiza. Kwa desturi ya kwa baba, binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba, na wa pili la mama mzaa mama. Mimi nilistahili jina la bibi mwenyewe. Alipomuuliza baba, baba aliangalia pembeni akasema jina la bibi limewekwa kwa ajili ya mtoto wa kaka yake mkubwa. Mama hakuuliza zaidi. Alilipenda jina nililopewa, akanibeba nalo mgongoni mtaa mzima, akiwaeleza majirani maana yake.

Nilipofika umri wa kuanza shule, kiwanda alichokuwa akifanya kazi baba kilipunguza watu. Ilikuwa miaka ile viwanda vya mjini vinauzwa, na wanaume waliozoea king'ora cha asubuhi wanashinda vibarazani wakicheza drafti. Baba alikuwa kitinda mimba, na kwa Wachagga kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi pamoja na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Babu alikuwa amekwisha kufa. Tukafunga vyombo, tukapanda Masama kuishi na bibi: baba, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado ananyonya.

Siku ya kwanza nilimkimbilia bibi uani, nikamwambia shikamoo. Hakujibu. Nikadhani hajasikia, nikarudia kwa sauti. Akanitazama, halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "Tangu lini wewe ukaniamkia?"

Aliongea Kichagga na watu wote. Kiswahili alikitumia kwa mama na kwangu peke yetu, na alikijua vizuri kuliko alivyojifanya. Alitaka tuelewe kila neno.

Shikamoo zangu hazikuitikiwa siku hiyo wala siku nyingine. Nyumba ya pili, upande wa juu wa kihamba, aliishi baba mkubwa na familia yake, na binti yao, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja hivi, ndiye mwenye jina la bibi. Huyo alipokuja asubuhi, bibi alimwita "Mimi". "Mimi, umeamka salama? Mimi, njoo tunywe chai." Binamu yangu alijikunja katikati ya magoti ya bibi akanywa maziwa yenye malai juu. Ikichinjwa mbuzi, sehemu ya bibi iligawanywa kati yao wawili. Mimi niliitwa kwa jina langu, lakini bibi alilitamka kama mtu anayemwita mbwa aliyeingia jikoni. Alilipaza kutoka mwanzo wa migomba hadi mwisho: njoo uchote maji, njoo ukate majani ya ng'ombe, njoo uzoe mavi. Nilikuwa mtoto mwenye bidii. Nilidhani nikifanya kazi vizuri sauti ile itabadilika.

Mama alikuja kujua siku ya mbege. Bibi alikuwa amepika pombe hiyo ya ndizi kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa jirani, na uani wakakaa wanawake wazee na vibuyu vyao. Mama alikuwa jikoni anakoroga mtori. Bibi akaniita mbele ya wageni, akaamuru nilete beseni la maji ya moto, akavua raba zake.

"Nioshe miguu," alisema.

Nikapiga magoti, nikaanza kuosha. Miguu yake ilikuwa na nyufa zilizoingia udongo wa miaka, na nilisugua nikiona haya kwa sababu wote walikuwa wametulia wakinitazama. Ndipo bibi akawageukia wenzake, na ingawa wote walikuwa Wachagga, alisema kwa Kiswahili:

"Mnamwona mke mwenzangu? Amerudi. Ile safari ya kwanza alikuwa analala na mume wangu, na mimi naosha vyombo vyake. Safari hii ananiosha miguu."

Wakacheka. Mmoja tu hakucheka, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke mrefu aliyekuwa na jicho moja lenye mtoto wa jicho. Aliweka kibuyu chini, akaondoka bila kuaga. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi.

Kesho yake mama alimfuata jirani yule kwenye mfereji, na mimi nilikuwa naye. "Mama, nieleze," alimwambia. "Jina la mtoto wangu ni la nani?"

"Hujui kweli?"

"Niliambiwa ni aliyengojewa."

"Maana yake ndiyo hiyo," mwanamke yule alisema. "Hakukudanganya. Lakini jina ni la mke mdogo wa mzee. Alitoka Old Moshi. Kwao walizaliwa wavulana watupu, ndipo akaja yeye. Ndiyo maana wakamwita hivyo."

Akatueleza yaliyobaki. Babu alimwoa yule wa pili nje ya Kanisa, akamjengea kibanda chini kabisa ya kihamba. Padri akamnyima babu komunyo, na bibi, aliyekuwa na ndoa ya altareni, akawa anakwenda misa peke yake huku kijiji kizima kinamwangalia. Mke mdogo hakujaliwa mtoto. Alifariki kabla baba yangu hajaanza shule, na kwa kuwa hakuacha mtoto, hakukuwa na wa kumpa mjukuu jina lake. Kwa desturi mtu wa namna hiyo anapotea moja kwa moja. Hakuna wa kumtaja tena.

"Sisi tulishangaa bibi yenu alipompa mtoto jina lile," jirani alisema. "Wengine walidhani ametubu."

Baba aliporudi jioni kutoka kupiga dawa kahawa, mama alimsubiri anawe mikono, kisha akamwambia, "Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua jina la mtoto wangu ni la nani. Ukaniacha nafurahi."

Baba alijipangusa mikono polepole. "Ni utani tu," alisema. "Bibi na mjukuu hutaniana. Mbona mnafanya jambo kubwa?"

"Utani gani wa kumwoshesha mtoto miguu?"

"Mama yangu ni mzee. Kihamba hiki ni chake mpaka afe. Unataka twende wapi?"

Mama akamfuata bibi mwenyewe. Nilikuwa nimejificha nyuma ya kihenge cha mahindi na nilisikia yote. Alimwambia anataka kunibadilisha jina, anipe la mama yake. Bibi hakukasirika. Alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya.

"Huyo mdogo si ndiye umempa jina la mama yako?"

"Ndiye."

"Umewahi kusikia mtu akilitamka hapa?"

Ilikuwa kweli. Mdogo wangu alibeba jina la Kiislamu la bibi yetu wa Pasua, na katika kihamba kile hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa mama na mimi. Bibi alimwita "we", na wengine wakafuata. Hata baba alikuwa akisema "mtoto".

"Jina ni la yule anayeitwa," bibi alisema. "Na anayeita ni mimi. Mbadilishe upendavyo. Mimi nitamwita nilivyomwita."

Tukaendelea kuishi. Bei ya kahawa ilianguka, wanaume wakaanza kung'oa mibuni kwa siri na kupanda nyanya, na mama akawa anabeba ndizi kwenda kuuza soko la Boma Ng'ombe. Mimi nilijifunza Kichagga, na kwa Kichagga hicho nikaanza kuelewa mambo ambayo bibi alikuwa akijisemea nikipita. Alikuwa akiendelea na ugomvi wa zamani. Nikipasua chungu, alisema hata kile cha harusi ulikipasua makusudi. Nikimchekesha baba kwa jambo fulani, alisema unamchekesha ili asirudi kwangu. Kuna siku nilivaa gauni jipya la mitumba ambalo mama aliniletea kutoka Moshi, la rangi ya chungwa. Bibi alinishika mkono, akaligeuza upindo, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Alikununulia lini?" Macho yake yalikuwa na machozi. Nilimhurumia. Halafu akachukua kisu cha kukatia majani akalichana kuanzia shingoni.

Msimu mmoja wa baridi, ule wa ukungu unaokaa juu ya migomba hadi mchana, nilishikwa na kichomi. Ilikuwa siku ya soko. Mama alinifunika mablanketi yote mawili asubuhi, akanipa chai ya tangawizi, akasema atawahi kurudi. Hakujua ni homa kali kiasi gani. Baba alikuwa amekwenda Arusha kutafuta kibarua. Mdogo wangu alipelekwa kwa jirani.

Mchana pumzi zilikuwa zinanikata. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Nikamwita bibi. Nilimwita mara nyingi, na mwishowe mlango ukafunguka, akasimama pale na shuka lake jeusi mabegani.

"Bibi, nasikia baridi," nilisema. "Niletee moto."

Alikuwa na jiko la makaa kule jikoni. Nilisikia harufu ya moshi wake kwenye shuka. Hakwenda kulichukua. Akaingia, akaketi kwenye gunia la mahindi lililokuwa karibu na kitanda, akaniangalia usoni.

"Hata mara ile ulikuja kuomba moto," alisema, kwa Kichagga. Huo ulikuwa mwanzo wake kuniongelesha kwa lugha yake. "Mvua imenyesha wiki nzima. Kwako kumezimika, kuni zimelowa, una kikohozi. Ukasimama mlangoni kwangu na kigae cha kubebea makaa. Unakumbuka nilikuambia nini?"

Nilimwambia sikumbuki.

"Nilikuambia na kwangu kumezimika. Na wewe uliona moshi unatoka juu ya paa. Uliuona, ukanyamaza. Ulikuwa na kiburi. Ungeniomba mara ya pili ningekupa."

Alingoja nijibu. Nilikuwa nalia tu. Akainama karibu zaidi.

"Omba sasa," alisema. "Omba mara ya pili."

"Bibi, naomba moto."

Usoni mwake niliona kitu ambacho hadi leo sijui nikiite nini. Kama mtu aliyesubiri neno kwa miaka mingi na alipolisikia akaona halimtoshi. Akainuka, akajifunga shuka vizuri.

"Kumezimika," alisema. Akatoka, akafunga mlango.

Mama alinikuta midomo imekuwa ya bluu. Alinifunga mgongoni na khanga kama mtoto mchanga, miguu yangu ikiburutika, akashuka nami hadi zahanati ya masista. Nilichomwa sindano nyingi, nikapona. Nilimweleza mama neno kwa neno. Yeye alimweleza baba aliporudi, na baba akasema homa hufanya mtoto asikie sauti.

"Mtoto hakujua habari ya moto," mama alimwambia. "Hata mimi sikuijua. Angeiota vipi?"

Baba akaenda kumwuliza mama yake. Sijui walichoongea. Alirudi akasema tu kwamba mtu mzima hawezi kushtakiwa kwa maneno ya mtoto, na kwamba kama mama anataka kwenda, aende.

Tulikwenda. Tulirudi Pasua, kwa wazazi wa mama, na mama akaanza kuuza mitumba karibu na stendi. Baba alibaki kwenye kihamba. Alikuja kututembelea siku za sikukuu, na mkungu wa ndizi, anakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni. Mdogo wangu alimwamkia shikamoo mzee, si shikamoo baba. Huko Pasua niliitwa kwa jina la ubatizo, na bibi yetu wa mjini, ambaye hakuwa na sababu ya kunipenda kuliko wengine, aliniitikia marahaba kila asubuhi hadi nilipoolewa.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi, simu za mkononi zimeingia, ndipo baba alipopiga kuniambia bibi amepooza upande mmoja na akili zinamtoka. Baba mkubwa alikwisha kufariki. Binamu yangu, yule aliyekuwa akiitwa Mimi, alikuwa Dar es Salaam, ameokoka na ameacha kutumia majina ya kimila. Alituma dawa na nepi za wazee, lakini hakuja. Baba alikuwa peke yake na mama mzazi ambaye yeye, kama mwana wa kiume, hawezi kumwogesha.

"Nisaidie wiki hii moja tu," alisema. "Wakati natafuta mtu wa kazi."

Mama alinikataza. Nilikwenda kwa ajili ya baba, na pia, kwa kweli, nilitaka kumwona.

Bibi alikuwa amebaki mifupa. Nilipoingia na bakuli la uji aligeuza kichwa, akanitazama, akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. Akajivuta kwa mkono wake mmoja mzima mpaka ukutani.

"Wewe nani?" aliuliza kwa Kichagga.

Nikamwambia mimi ni mjukuu wake, mtoto wa kitinda mimba wake.

"Jina lako nani?"

Nikamtajia la ubatizo. Akatikisa kichwa. Hakuwahi kulitamka hata siku moja, na sasa halikumwambia kitu. "Simjui huyo," alisema. "Jina lako nani?"

Baba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akadhani anasaidia. Alilitaja lile jingine.

Bibi akaziba mdomo kwa kiganja. Tangu hapo hakupokea chakula mkononi mwangu. Alisema nimekuja kumlipa. Akasema uji una sumu. Akamwambia baba niondolewe makaa karibu, nisije nikachoma nyumba. Nikimwogesha alilia kwa sauti ndogo, ameuma meno, akitazama kila nilipoweka mkono. Baba alijaribu kumlisha mwenyewe, lakini akishaona nimepita dirishani alikitema. Siku ya nne baba aliniomba niondoke ili ale. Nikaondoka, lakini hakula. Alimwambia baba kwamba bado ananisikia nikitembea nje. Akafa kabla wiki haijaisha.

Watu walifurika kwenye mazishi. Wasifu wake ukasomwa: mke wa pekee wa ndoa, Mkristo imara, ameacha wajukuu na vitukuu. Binamu yangu alifika na gari na miwani myeusi, akalia sana, na mzee mmoja wa ukoo alipomwita kwa jina la marehemu ili aweke udongo wa kwanza, binamu alimsahihisha. Mama hakupanda.

Watu walipoanza kula, jirani yule wa ng'ambo ya mfereji, sasa jicho la pili nalo likiwa limefifia, alinishika mkono akaniongoza kwenda chini kabisa ya kihamba. Hapakuwa na kibanda. Palikuwa na shimo la taka za ng'ombe, na pembeni yake mmea wa isale, ule wa majani marefu ambao Wachagga hupanda makaburini, umebaki shina moja lililopinda.

"Yuko hapa," alisema. "Wajina wako. Babu yako ndiye aliyepanda hili."

Nilibaki peke yangu pale kwa muda, nikasema jina letu kwa sauti.

Baba alipokuja kunitafuta nilimwonyesha mahali pale, nikamwomba ahamishe shimo la taka na asilime eneo lile, hatua chache tu za ardhi. Alitazama isale, akatazama shamba lililobaki baada ya kung'oa mibuni na kuigawia familia ya kaka yake nusu.

"Shamba ni dogo," alisema.

Nilipopita tena Masama mwishoni mwa mvua za masika, shimo lilikuwa limefukiwa, isale limekatwa, na maharage yamepandwa hadi kwenye ukingo wa mfereji. Yalikuwa yamestawi vizuri. Baba alinifungia kikapu niende nayo mjini, nikayapokea, nikampa mama. Mama aliyachambua, akayapika, na hakuniuliza yametoka upande gani wa shamba.